Mahari ya Huruma

Nimefundisha masomo ya ulemavu chuo kikuu kwa muda mrefu, kiasi kwamba wanafunzi wangu wa mwanzo sasa ni wakubwa wa ofisi na hawapokei simu zangu. Katika muda wote huo sijapata namna nzuri ya kumjibu mtu anayeniuliza ninafanya kazi gani. Nikisema nafundisha, anauliza somo. Nikitaja somo, macho yake yanashuka miguuni kwangu, yanapanda polepole hadi mikononi, yanatua kidogo kwenye miwani, kisha ananipa pole. Sina ulemavu wowote unaoonekana. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi naipokea pole yangu na kuendelea na safari.

Wengine hudhani nilisukumwa na wito. Nilikwenda chuo nikitaka sheria. Foleni ya kujiandikisha sheria ilikuwa ndefu, nilikuwa nimevaa viatu vipya vinavyobana, na dirisha la elimu maalumu halikuwa na mtu. Karani alinipokea kwa furaha ambayo sijaiona tena katika ofisi yoyote ya umma. Hayo mengine, vitabu, shahada, uprofesa, yalifuata tu, moja likilivuta jingine.

Nyumbani kwetu Mvumi, mama aliisifia kazi yangu huku akishusha sauti. "Binti yangu anasomesha viwete," aliwaambia wenzake kanisani. Nilimweleza kwamba nawafundisha walimu na maofisa, na kwamba hata hilo neno hatulitumii tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "unawasomesha wazima habari za viwete." Nimeyasoma maelezo rasmi ya idara yetu mara nyingi, na sioni kama yanazidi hapo.

Kisha binti wa kaka yangu akaugua. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Homa ya uti wa mgongo ikamshika, akalazwa, akapona, lakini masikio hayakurudi. Ukoo mzima ukanitazama. Shangazi yangu mmoja, mwanamke asiyemung'unya maneno, alisema: "Umekwenda kusomea balaa huko, balaa limekufuata nyumbani." Wakati huo nilikuwa naandika makala kuhusu mambo ambayo watu huamini ndiyo chanzo cha ulemavu. Hilo sikuwa nalo. Nililiongeza.

Binti alikua. Alisoma shule ya bweni ya viziwi, akarudi na lugha ya alama, ufundi cherehani, na hasira ambayo sote tunakubaliana kwamba ni ya upande wa kaka yangu. Kaka alipofariki, mama wa binti, yaani wifi yangu, alihamia Mikumi kufanya kazi ya mama lishe kando ya barabara kuu, na binti akafungua kibanda jirani na hapo. Anashona vitambaa vya viti na mapazia ya vyumba vya madereva wa malori. Ukipishana na lori linalopanda kwenda Iringa likiwa na pazia la zambarau lenye mashada ya dhahabu, huenda ni kazi yake. Mimi naona mashada yanazidi. Yeye anasema mimi sijui biashara.

Hapo barabarani ndipo alipompata mwanamume wake, fundi matairi aliyeshuka kutoka milima ya Berega kutafuta maisha. Kijana anasikia vizuri kabisa. Ila kazini kwake mashine ya kujazia upepo inanguruma kutwa, na mafundi wote pale wamezoea kusemezana kwa mikono. Alipokwenda kuulizia kitambaa cha kiti, walielewana kuliko alivyowahi kuelewana na mwenye karakana. Mengine alifundishwa na binti mwenyewe. Niliwakuta siku moja wakigombana kwa alama juu ya chenji ya soda, kwa kasi ambayo mimi, pamoja na uprofesa wangu, sikuweza kuifuata. Nikajua hapo pana ndoa.

Kijana akaleta habari ya posa, naye binti akanipigia simu ya video. Alikuwa na furaha, lakini aliniambia anaogopa jambo moja, na jambo hilo lilikuwa mjomba wake.

Lazima nimweleze mjomba huyu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika ndoa mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Shangazi kama mimi kazi yake ni kumfunda binti na kula kuku. Na mjomba wa binti yetu si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Ni mkulima wa Mvumi mwenye roho ya kutoa, ambaye mahindi yake yakikomaa majirani hula kabla ya wanawe. Alimpenda mtoto huyu tangu anaumwa, na alimlipia nauli ya shule kila muhula. Lakini moyoni mwake alikwishaamua kwamba mtu yeyote atakayemchukua binti asiyesikia anaitendea familia hisani. Miaka michache kabla ya hapo alikuja mzee mmoja mgane akitafuta, kwa maneno yake, "wa kunipikia." Mjomba alikuwa tayari kumtoa bila hata kuku. Binti alijifungia ndani na cherehani yake mpaka yule mzee akaenda kutafuta mpishi kwingine.

"Mjomba atanigawa tena," aliniambia binti kwenye simu. "Huyu namtaka. Lakini sitaki kwenda kwao nikiwa nimegawiwa. Wifi zangu wataniita mzigo wa bure mpaka nizeeke."

Nikamwahidi kwamba nitakuwepo. Alitazama kioo cha simu kidogo, kisha akasema nisitoe muhadhara.

Washenga walikuja nyumbani kwa wifi Jumamosi asubuhi, wazee watatu wa Berega waliovalia makoti ya suti katika joto la Mikumi. Kiongozi wao alikuwa mzee mfupi, mwalimu mstaafu, ambaye sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Huko milimani ikisemwa kwamba fulani ameoa kwa nafuu, watu huuliza kama alitumwa yeye. Aliingia, tukampa shikamoo zake, akazipokea moja moja bila haraka, akaketi akanyoosha mikono ya koti. Alikuwa amekuja kazini.

Akafungua kwa mafumbo, kama ilivyo ada. Walikuwa wapita njia tu, alisema, wakaona uani kwetu kuna mtetea mzuri, na wao nyumbani wana jogoo anayewika peke yake. Mjomba alitakiwa ajibu kwamba hapa hakuna mtetea, kwamba huenda wamekosea nyumba, na kwamba hata akiwepo hauzwi. Mchezo huo huchukua asubuhi nzima, na ukichezwa vizuri watu huusimulia kwa miaka.

Mjomba alisema, "Mtetea yupo. Mchukueni."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya hoja yake ya pili. Ikabidi aufunge.

"Tunashukuru," alisema baada ya kujikusanya. "Sasa, wazee wetu, tungependa kusikia yale ya kimila. Mbuzi wa ukoo."

"Mbuzi tumesamehe," alisema mjomba.

"Blanketi la bibi."

"Tumesamehe. Bibi mwenyewe hasikii baridi."

"Mkaja wa mama," alisema mwalimu, na hapo sauti ilikuwa imeanza kupungua. Mkaja ni shukrani ya mama kwa mimba aliyoibeba, na sijawahi kusikia ukisamehewa hata na watu wenye pesa. Jikoni, wifi yangu aliacha kukoroga.

"Tumesamehe."

"Na koti la mjomba?"

"Ninalo koti," alisema mjomba.

Wale wazee wawili wengine wakamtazama kiongozi wao. Kiongozi wao alimtazama mjomba jinsi ninavyomtazama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla sijamaliza kugawa karatasi.

Mjomba akahisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Bahati mbaya, dawa aliyoifikiria ilikuwa mimi. "Hapa tuna profesa," aliwaambia kwa fahari. "Mambo ya mwenzetu yule ameyasomea mpaka mwisho. Profesa, hebu waeleze wageni."

Alisema "mwenzetu yule" kwa sababu niliwahi kumkataza kusema bubu, na neno kiziwi akaliona kama tusi. Mimi nami nilikuwa nimekatazwa kutoa muhadhara. Lakini wazee walikuwa wamenigeukia wote watatu, na umri wangu wote nimelipwa kuongea mbele ya watu walionigeukia. Nikaeleza. Nikasema binti alizaliwa akisikia vizuri, kwamba si jambo la kurithi, kwamba chanzo kilikuwa homa ya uti wa mgongo, na kwamba wanawe hakuna sababu wasisikie.

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Katika hayo yote, wazee wa Berega walisikia neno mgongo.

"Ana tatizo la mgongo?" aliuliza mmoja wao.

"Hapana. Mgongo ni mzima. Homa ndiyo inaitwa hivyo."

"Lakini masikio tulikuwa tunajua," alisema mzee huyo kwa upole. "Kijana alitwambia. Masikio hayakututia hofu. Hilo la mgongo ndilo jipya."

Wakaomba ruhusa watoke nje kidogo wakanong'one. Niliwaona dirishani, wamesimama chini ya mpapai, vichwa vimekutana, makoti yamefungwa vifungo vyote. Waliporudi, mwalimu mstaafu hakuketi.

"Mzee mwenzangu," alimwambia mjomba, "mimi nimeposea vijana wengi. Nimedaiwa ng'ombe na watu ambao mabinti zao hawajui kuchemsha maji. Sijawahi kusamehewa mkaja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi hatuna neno. Tutarudi nyumbani tukashauriane."

Huko milimani na huku bondeni, kwenda kushauriana ni hapana yenye adabu. Mjomba hakuelewa ni nini kimetokea. Alikuwa amewafungulia mlango, dirisha na paa, na watu bado wanaondoka.

Niliingia chumba cha ndani. Binti alikuwa amekaa kitandani, amevaa kitenge kipya alichokishona mwenyewe, mashada hakuweka. Alinitazama usoni, akauliza nini. Kumdanganya mtu anayesoma nyuso tangu utotoni ni kazi bure, kwa hiyo nikamwambia: mjomba amesamehe kila kitu, wageni wanadhani tunawaficha ugonjwa, wanaondoka.

Hakulia. Alivua kilemba chake, akakilaza kitandani, akaanza kukikunja pembe kwa pembe. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku chuo kilipotangaza kwamba idara yetu itahamia ghorofa ya juu. Nilimkasirikia mjomba, wazee, homa, na lile dirisha la elimu maalumu lisilokuwa na foleni. Nilikuwa nimeeleza kwa miongo jinsi huruma inavyomshusha mtu. Sasa ilikuwa sebuleni, imevaa shati jeupe, inawasindikiza wageni.

Kilichotuokoa ni kuku. Mshenga hawezi kuondoka nyumba aliyoposa kabla ya kula, hata kama posa imevunjika; angepita njia nzima hadi Berega akijieleza. Nikaenda jikoni nikamuuliza wifi kuku amefikia wapi. Wifi alinitazama, akatazama sebuleni, kisha akatoa kuni mbili jikoni. "Bado mgumu," akasema. Kuku alikuwa ameiva tangu zamani.

Nikamwita mjomba nyuma ya nyumba.

"Mjomba, dai mahari," nilimwambia.

"Profesa, hao ni watu wanaoondoka. Nimewapa bure wanakataa, nikidai si ndiyo watakimbia?"

"Wanakimbia kwa sababu umewapa bure."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nitadai vipi mbuzi kwa mtoto asiyesikia? Watanicheka. Namtakia mema mtoto huyu. Nataka apate kwake kabla sijafa."

Hapo nilimwambia yote niliyonayo. Nilimweleza utu, nikamweleza haki, nikamweleza jinsi jamii inavyomjengea mtu ulemavu kuliko masikio yake yanavyomjengea. Mjomba alinisikiliza kwa heshima, kama alivyowasikiliza mabwana shamba wote waliowahi kupita Mvumi. Alipoona nimemaliza akasema, "Ni kweli, Profesa," kisha akainama kuokota jembe la wifi lililokuwa limeanguka, akaliegemeza ukutani. Hakuna kilichoingia.

Nikabaki na moja. "Koti je?"

"Koti gani?"

"Koti la mjomba. Umesema unalo. Unajua Berega watasemaje? Watasema wamekwenda Mikumi wakakuta mjomba asiyedai koti. Mjomba gani asiyedai koti? Watasema yule si mjomba wake. Watasema binti hana ukoo, wamemtafuta mwanamume mmoja barabarani, wamemvisha shati jeupe, wamemketisha hapo."

Mjomba alisimama wima. "Mimi?"

"Wewe."

"Nimembeba mtoto huyu mgongoni mpaka hospitali, leo mimi ni mjomba wa kukodi?"

"Sisemi mimi. Watasema wao."

Alifunga kifungo cha shingoni, akarudi sebuleni kwa hatua za mtu aliyeibiwa. Nikamfuata, nikasimama penye mlango wa chumba cha ndani, mahali ambapo binti angeweza kuchungulia bila kuonekana na wageni.

"Wazee wangu," alisema mjomba, akiwa bado amesimama, "kabla hamjaenda kushauriana. Nilisema nina koti. Ninalo. Ni la zamani. Nataka jipya, la sufu, na kofia yake."

Mwalimu mstaafu alikuwa akipiga miayo. Akaacha.

"Na blanketi la bibi," aliendelea mjomba. "Bibi anasikia baridi. Mkaja wa mama yake, kamili. Na mbuzi wa ukoo, watano."

Sijawahi kuona uso wa mzee ukirudi ujana kwa kasi ile. Mwalimu mstaafu aliketi. Alifungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akavuta kiti mbele. "Watano?" alisema. "Mzee mwenzangu, watano? Huko kwetu kwa mbuzi watano mtu anaoa binti wa mchungaji!"

"Basi nendeni kwa mchungaji," alisema mjomba. "Muulizeni kama binti yake anashona."

"Wawili, na ni kwa heshima yako."

"Wawili ni wa kuonyeshwa mlango. Mmeona malori yanayopita hapo nje? Nani anayavisha? Kuna madereva wanatoka na vitambaa Tunduma wanamletea yeye. Hasengenyi mtu. Akisema kitu amekisema. Mtaniletea wawili?"

Mmoja wa wale wazee wawili akaingilia kwamba barabara ya Berega ni mbaya na mbuzi huchoka. Mjomba akasema mbuzi wa kwake hawajawahi kuchoka. Mwalimu alisimama ili aseme vizuri. Mjomba naye akapiga mkono wa kiti. Sauti zilipanda mpaka jirani akasogea ukutani, na jikoni nikasikia kuni zikirudishwa chini ya sufuria. Wageni waliokuwa wakitukimbia kwa adabu walikuwa sasa wanatupigia kelele, na hakuna hata mmoja aliyeulizia tena mgongo.

Binti hakusikia chochote katika haya. Aliona mgeni amesimama, mjomba wake anapiga kiti, mate yanaruka. Akanivuta mkono.

"Wamekataa?" aliuliza.

"Hapana."

"Mbona wanagombana?"

"Mzee mfupi anasema wewe ni ghali mno."

Alinitazama mikono. Akaniomba nirudie. Nikarudia polepole, jinsi nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mdogo: anasema, wewe, ni ghali, mno. Akajifunika mdomo kwa pindo la kitenge na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipoona kwamba ni vyote viwili, na kwamba mimi mwenyewe miwani haionyeshi kitu. Nililia pale mlangoni bila aibu, profesa mzima.

Alipopata mikono yake tena, akasema, "Mwambie mjomba asipunguze."

Nikavuka sebule, nikamwinamia mjomba sikioni, nikamfikishia. Hakunigeukia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu mbele ya mwalimu mstaafu, vidole vyote vitano vimenyooka, hakuna aliyeweza kuvishusha. Akautazama kidogo. Kisha akainua na mkono wa pili, akaongeza kidole, akaigeuza mikono yote miwili kuelekea mlango wa chumba cha ndani ili binti naye aone.